Kijidudu Hakina Miguu

Mkulima wa migomba anaijua kazi ya panga. Kwa panga anapunguza majani. Kwa panga anakata mkungu na kuondoa machipukizi yaliyozidi. Asubuhi moja panga hilo hilo linaweza kugusa migomba hamsini. Sasa jiulize: kama mgomba wa kwanza ni mgonjwa, ile arobaini na tisa inapelekewa nini?

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanalijua jibu, maana wamelilipia. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 uliripotiwa mkoani Kagera. Ukiingia shambani, majani hugeuka manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua ndani zina madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda mfupi hutoka utomvu wa manjano kama usaha. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Familia iliyotegemea ndizi kwa chakula na kwa fedha ilijikuta haina kimojawapo.

Mnyauko huo unaletwa na kijidudu. Hakionekani kwa macho. Hakimdhuru mtu anayekula ndizi. Lakini kina ndugu zake wengi ambao huwaua watu. Leo tutajifunza vijidudu ni nini, vinazaaje na vinasafirije. Tutaanzia shambani na kumalizia nyumbani, kwa sababu jinsi kijidudu kinavyosafiri juu ya panga ndivyo kinavyosafiri juu ya mkono.

VIJIDUDU NI NINI?

Nyumba ya matofali imejengwa kwa matofali mengi. Mwili wako pia umejengwa kwa vipande vidogo sana vilivyo hai. Kila kipande kinaitwa seli. Mtu ana seli nyingi mno. Mgomba nao una seli nyingi mno. Lakini kijidudu kwa kawaida ni seli moja tu, na seli hiyo inaishi yenyewe.

Chukua rula. Tazama nafasi iliyo kati ya vistari viwili vidogo. Hiyo ni milimita moja. Bakteria wengi ni wadogo kiasi kwamba ukiwapanga kwa mstari, kati ya mia tano na elfu moja hutosha ndani ya milimita hiyo. Ndiyo maana hatuwaoni. Huonekana kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo.

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Alijitengenezea vioo vya kukuzia vitu. Katika miaka ya 1670 alitazama tone la maji, akaona viumbe vidogo vinaogelea ndani yake. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba vipo.

Vijidudu ni vya aina nyingi. Tutaje aina tatu.

Kwanza ni bakteria. Bakteria ana ukuta wa nje unaomlinda. Ndani ana majimaji, na katika majimaji hayo kuna maagizo ya jinsi ya kuishi na kuzaa. Wengine wana mkia mwembamba wa kuogelea. Bakteria huleta kipindupindu, homa ya matumbo, kifua kikuu na pepopunda.

Pili ni chachu. Chachu ni aina ya kuvu ya seli moja. Seli yake ni kubwa kuliko bakteria. Hamira ya kuumulia maandazi ni chachu.

Tatu ni virusi. Kirusi si seli. Ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya gamba. Hakina jiko lake. Kwa hiyo hakiwezi kuzaa peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya seli ya mtu, mnyama au mmea, na kuilazimisha seli hiyo kutengeneza virusi vingine. Virusi huleta mafua, surua, UKIMWI na ugonjwa wa Marburg. Tutaurudia ugonjwa huu wa Marburg baadaye.

VIJIDUDU VINAZAAJE?

Bakteria hazai kama ng'ombe. Hukua kidogo, kisha hujigawa katikati. Mmoja huwa wawili. Wawili huwa wanne. Wanne huwa wanane. Wale wa haraka, wakipata joto, maji na chakula, hujigawa kila baada ya dakika 20.

Hebu tufanye hesabu. Mama amepika maharage mchana. Maharage yamepoa, hayakufunikwa. Saa 7 mchana mtu ameyagusa kwa mkono mchafu, na bakteria mmoja wa namna hiyo ameingia. Tazama:

Saa 7 mchana: 1
Saa 8 mchana: 8
Saa 9 alasiri: 64
Saa 10 alasiri: 512
Saa 11 jioni: 4,096
Saa 12 jioni: 32,768
Saa 1 usiku: 262,144

Bakteria mmoja wa mchana amekuwa zaidi ya laki mbili na nusu wakati wa chakula cha usiku. Na kwa kawaida mkono mchafu hauachi mmoja tu.

Kupasha moto chakula mpaka kichemke huua bakteria wengi. Lakini wengine huwa wamekwisha acha sumu yao ndani ya chakula, na sumu nyingine haiondoki kwa moto. Kwa hiyo funika chakula, na usikiache kilale katika joto.

Si bakteria wote wana haraka. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja tu. Anakua polepole, na pia anajua kujificha kimya mwilini. Ndiyo maana mgonjwa wengi wa kifua kikuu hutumia dawa kwa miezi mingi, mara nyingi miezi sita, hata kama anajisikia amepona mapema.

SI VYOTE NI ADUI

Ndugu msomaji, wewe mwenyewe umekwisha kuwa mfugaji wa vijidudu.

Fikiria rubisi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yanachanganywa na mtama uliosagwa. Kisha yanafunikwa na kuachwa. Baada ya muda yanaanza kutoa povu, kama yanachemka bila moto. Ni nani anayafanya yachemke? Ni chachu. Zilikuwa juu ya maganda ya ndizi, katika mtama na katika chombo kilichotumika awali. Chachu zinakula sukari ya ndizi. Zinatoa hewa, na hiyo ndiyo povu. Zinatoa pia kileo. Ukiliacha rubisi siku nyingi, bakteria wengine hukigeuza kileo kuwa siki. Hapo ndipo linapochachuka.

Fikiria pia mtindi. Bakteria hula sukari iliyo ndani ya maziwa na kutoa ukali. Ukali huo ndio unaogandisha maziwa.

Lakini jihadhari. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, au wale wanaofanya ng'ombe watupe mimba. Bakteria hao humpata mtu pia, na kuganda kwa maziwa si kinga ya kutegemea. Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza. Yakipoa yabaki na uvuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana, halafu funika. Umeua wabaya, kisha umepanda wazuri.

KIJIDUDU KINABEBWA

Sasa turudi shambani. Tumesema bakteria wengine wanaweza kuogelea. Lakini kuogelea ndani ya tone la maji siyo kwenda shamba la jirani. Kijidudu hakina miguu. Kikitoka mgomba huu kwenda mgomba ule, kimebebwa.

Bakteria wa mnyauko wana wabebaji wao. Panga na kisu vyenye utomvu wa mgomba mgonjwa huwabeba. Wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba huwabeba. Mche uliochukuliwa katika shamba gonjwa huwabeba. Mbuzi na ng'ombe wanaokula migomba mgonjwa na mzima huwabeba pia.

Kwa kuwa dawa hakuna, wataalamu na wakulima waliamua kukata njia moja moja:

Ua dume linaondolewa mara chana cha mwisho kinapotokeza. Linaondolewa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Panga linasafishwa kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Linapitishwa katika moto mpaka liwe la moto sana, au linaoshwa kwa dawa ya klorini, ile inayotumika kung'arishia nguo nyeupe.

Mgomba mgonjwa unakatwa chini mapema, na mifugo inazuiwa kuingia shambani.

Miche inachukuliwa katika shamba lisilo na ugonjwa.

Mkulima aliyefanya hayo yote kwa bidii, na jirani zake wakafanya, aliokoa migomba yake. Aliyefanya peke yake huku jirani akiazimana panga na kila mtu alipata shida. Kumbuka jambo hili. Litatusaidia katika habari inayofuata.

MIKONO YA MADAKTARI

Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya mji wa Vienna, nchini Austria, kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika wodi moja walihudumu wakunga. Katika wodi ya pili walihudumu madaktari na wanafunzi wao. Wodi ya madaktari ndiyo iliyokuwa na vifo vingi zaidi vya homa ya uzazi. Mwezi wa Aprili mwaka huo, karibu akina mama 18 kati ya kila 100 walikufa huko.

Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu. Aliona kwamba madaktari na wanafunzi hupasua maiti ili kujifunza, kisha huja moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika miezi iliyofuata, vifo vilishuka hadi kufikia akina mama wawili hivi kati ya kila 100.

Semmelweis hakuwa amekiona kijidudu chenyewe. Aliona njia tu, akaikata. Madaktari wengi walimpinga. Hawakutaka kusikia kwamba mikono yao ndiyo iliyobeba kifo.

Sasa linganisha. Mkono wa daktari ulikuwa kama panga la mkulima. Na dawa iliyousafisha ni ya jamii moja na ile inayosafisha panga.

MARBURG KATIKA MKOA WA KAGERA

Tarehe 21 Machi 2023, Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao walikufa. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Tarehe 20 Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, na wote 10 walikufa. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Jina Marburg ni la mji wa Ujerumani ambako ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza, mwaka 1967. Unaletwa na kirusi. Kirusi hicho huishi ndani ya popo wala matunda wanaokaa mapangoni, na popo wenyewe hawaonekani kuugua. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliupata. Mgodi huo ulikuwa na popo wengi sana. Neno hili liwafikie wachimbaji wa madini ya bati wa Kyerwa: usiingie katika shimo lenye popo. Usiwashike, usiwawinde, na usile tunda lililotafunwa na popo.

Kikitoka kwa popo na kumpata mtu, kirusi cha Marburg huenda kwa mtu mwingine kwa kugusa damu, matapishi, mavi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa. Huenda pia kwa kugusa nguo na matandiko yake, na kwa kugusa maiti yake. Dalili huanza kati ya siku 2 na siku 21 baada ya mtu kuambukizwa. Huanza kwa homa kali ya ghafla, kuumwa kichwa na kuchoka sana, kama malaria. Baadaye huja kuharisha na kutapika, na wengine hutokwa damu.

Ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa maalumu iliyokwisha kuidhinishwa. Basi milipuko ile iliisha vipi? Njia zilikatwa. Wagonjwa walitengwa. Wahudumu walivaa vifaa vya kujikinga. Watu waliowagusa wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa kwa siku 21. Maiti zilizikwa kwa uangalifu. Zilipopita siku 42 bila mgonjwa mpya, ndipo ilipotangazwa kwamba ugonjwa umekwisha.

Mgonjwa si mgomba. Mgomba hukatwa, mgonjwa hutunzwa. Akiwahi hospitali, akapewa maji ya kutosha mwilini na kutibiwa kila dalili, nafasi yake ya kupona huongezeka. Kumtenga siyo kumtupa. Ni kumtunza pasipo kuwapoteza wanaomtunza.

Jambo gumu ni msiba. Sisi hupenda kumwosha ndugu yetu, kumshika na kumuaga. Ni heshima kubwa. Lakini kama amekufa kwa ugonjwa unaoshukiwa kuwa wa namna hii, waachie watumishi wa afya kazi ya kumwosha na kumhifadhi. Mwombee, mlilie, mzike kwa heshima, ila usimguse. Marehemu asingependa aondoke na watoto wake.

KATA NJIA NYUMBANI KWAKO

Marburg haiji kila mwaka. Kuharisha, homa ya matumbo na minyoo viko nasi kila siku. Njia zake zinafanana. Kazi hizi zinaanza leo:

1. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Nawa utokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Beseni moja la maji kwa watu sita ni sawa na panga moja kwa migomba sita.

2. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri. Maji ya Mto Kagera, ya lambo na ya kisima cha wazi yanaweza kuonekana meupe na bado yana vijidudu. Yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko. Usitumbukize mkono.

3. Tumia choo, na kifunike tundu lake. Nzi ana miguu, na miguu yake ndiyo anayokikopesha kijidudu.

4. Jeraha lioshe kwa maji safi na sabuni. Usilipake udongo wala samadi. Bakteria wa pepopunda hukaa humo.

5. Mtu mwenye homa kali apelekwe zahanati mapema. Ukishuku ugonjwa wa kuambukiza kwa haraka, mwarifu mhudumu wa afya, au piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya. Haina malipo.

NENO KUHUSU DAWA

Watu wengine wakipata mafua hukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili. Vidonge hivyo ni vya kuua bakteria. Mafua ni ya virusi. Kwa hiyo fedha imepotea, na mafua yatakwisha yenyewe kama ambavyo yangekwisha.

Hasara si fedha tu. Kila unapomeza dawa hizo ovyo, au kuziacha katikati, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki. Umekwisha kuona jinsi bakteria mmoja anavyokuwa laki mbili na zaidi. Akiwa sugu, watoto wake nao ni sugu. Siku utakapougua kweli, au siku mwanao atakapougua, dawa ile haitafanya kazi. Pima kwanza. Tumia dawa kama ulivyoelekezwa na mganga, na umalize dozi.

Ndugu msomaji, kijidudu hakina miguu. Kinangoja panga, mkono, maji, nzi au nguo. Wewe huwezi kukiona, lakini njia zake unazijua sasa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja njia nne zinazobeba mnyauko kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Kijijini kwenu bado mnaazimana mapanga bila kuyasafisha?

2. Bakteria mmoja anajigawa kila dakika 20. Baada ya saa 7 watakuwa wangapi? Endeleza hesabu yetu.

3. Kirusi kinatofautianaje na bakteria? Kwa nini vidonge vya kuua bakteria haviponyi mafua?

4. Kukitokea msiba wa ugonjwa unaoshukiwa kuwa wa kuambukiza, wazee wa kijiji na watumishi wa afya wakubaliane nini mapema, ili marehemu aheshimiwe na walio hai wapone?